Sijui Mbili na Kamyo Moja ya Nyanya

Mimi hakuna kitu cha dunia hii kinachoweza kunishangaza. Wanaonifahamu hapa Uvira wanajua kwamba hayo si majivuno, ni ukweli mtupu. Nilianza maisha nikibeba magunia kwa mgongo kule bandarini Kalundu, sina hata kandambili zinazofanana, na leo nina kamyo mbili, nyumba ya mabati ya rangi pale Nyamianda, na depo ya saruji ambamo wenye diploma wanaingia wakivua kofia. Shule nilifika mwaka wa tatu wa primeri. Wa nne uliponiona nakuja ukafunga mlango. Nimeona ziwa likipanda mpaka jikoni kwa dada yangu na kukaa humo kama mgeni asiyejua kuaga. Nimeona kiboko akitoka majini jioni, akavuka barabara kubwa, akasimama mbele ya baa, na walevi wakampisha kwa heshima zote wakimwita patro, bosi. Sasa mtu kama mimi atashangazwa na nini?

Nilishangazwa na kijana wangu mwenyewe, na neno moja dogo ambalo sikuwa nimelitamka tangu utotoni.

Huyu kijana ni wa tatu kwangu. Tangu utotoni alikuwa na njia zake. Maharage na wali haviwezi kugusana kwenye sahani yake. Akiongea nawe hakuangalii machoni, anaangalia sikio lako, na kweli ukifikiria, sikio ndilo linalosikia, kwa hiyo hapo sioni kosa. Na injini! Akiwa na miaka sita alikuwa anakaa kwenye geti la lupango, uwanja wetu wa nyumba, amefumba macho, anataja kila gari linalopita: "Hii ya sukari. Hii ya bia, breki zake mbaya. Hii ya Papa, kamyo kubwa." Dakika moja baadaye mimi huyo, natokea kwenye kona. Shemeji yangu alisema ni ukaidi. Mama mmoja wa kwaya alisema ni pepo. Hospitalini walisema ni otisme, wale Waswahili wa ng'ambo wanaita usonji. Mimi nilisema amefanana na baba yake, hana muda na wajinga. Maisha yakaendelea.

Alipofika mwaka wa nane wa shule, woga ukamwingia. Kwanza tumbo: kila asubuhi anatapika kabla ya kuvaa yunifomu. Halafu siku moja akafika kwenye geti na mfuko wake mgongoni, akasimama, na mguu ukakataa. Toka siku hiyo hakutoka tena nje ya lupango, hata kufika kwa jirani kuchaji simu.

Na mwisho wa mwaka ule kulikuwa na egzameni ya serikali. Mjue kwamba kijana wangu hakuwa anataka kitu kingine duniani isipokuwa kusoma mekaniki kwenye shule ya ufundi, na shule ile haipokei mtu bila ile egzameni ya mwaka wa nane. Siku mbili za kuandika, kwenye shule ya wengine, kwenye chumba cha wengine, na watu asiowajua. Asipoenda, mekaniki imekufa. Yeye mwenyewe alijua hivyo kuliko sisi sote. Alikuwa analala chini ya kamyo yangu mchana kutwa, anaangalia difa ya magurudumu ya nyuma kama mtu anayeangalia picha ya ndugu aliyesafiri.

Nilianza na dawa zangu mwenyewe, kwa maana mimi si mtu wa kungoja. Nilimwambia: "Twende tukaangalie tairi mpya." Akapanda kamyo vizuri, anafurahi. Nikampeleka moja kwa moja shuleni. Nilifikiri akishafika ataona hakuna simba. Alama ya meno yake iko hapa kwenye mkono, ukija dukani nitakuonyesha. Meno mazuri sana, sikujua nililea meno mazuri vile.

Basi mama watoto hakunisemesha siku kadhaa, akajiendea mwenyewe kwenye kituo cha afya, akarudi na habari: kuna mama mmoja psikologi anakuja kutoka Bukavu, na anajua watoto wa namna hii. Nilitegemea mtu wa miwani na mvi. Nikakuta msichana mdogo, ungesema anauza vocha za simu.

"Papa," akaniuliza, "mtoto anaogopa nini?"

"Anaogopa shule," nikasema. Mimi najibu haraka.

"Hapana," kijana akasema, akiangalia sikio la yule mama. "Naogopa kungojea kitu ambacho hakikuji."

"Kama nini?"

"Kama Papa. Papa anasema kwa simu, niko njiani, niko Kavimvira, nafika sasa hivi. Lakini kamyo ya Papa, silinda ya tatu inakohoa. Angekuwa Kavimvira ningemsikia. Simsikii. Kwa hiyo hayuko Kavimvira. Kwa hiyo sijui iko wapi. Kwa hiyo sijui na vitu vingine vyote kama ni kweli. Mwalimu alisema atarudi kisha Pasaka, hakurudi, wakaleta mwingine. Walisema egzameni itakuwa chumba cha chini, sasa wanasema labda cha juu."

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi vile ambayo hayana injini ndani.

Nikajitetea, maana ilikuwa haki yangu. "Dokta, hiyo si uongo. Hiyo ni salamu. Hapa Uvira mtu akikuuliza uko wapi, unasema niko njiani, ni heshima tu. Ukimwambia ukweli, kwamba bado uko kitandani, si utamvunja moyo?"

Yule mama alicheka mpaka akashika meza. Halafu akanieleza taratibu, na mimi kitu kikielezwa vizuri nakamata mara moja. Akasema: otisme hatumtoi, ndivyo alivyo, na si ugonjwa wa kumtoa. Tunachomtoa ni mzigo wa woga uliopakiwa juu yake. Watu wengine wanaweza kubeba "labda" na "sasa hivi" bila kuhisi uzito. Yeye kila "labda" anaibeba kama gunia. Sasa mimi nilibeba magunia Kalundu. Neno gunia likiingia ndani yangu, linaingia.

Akataka pia kijana awe na kipimo cha kusema woga umefika wapi. Kwa sababu alikuwa ameambiwa anapenda magari, akasema: "Tuseme vitesi, gia za gari. Vitesi ya kwanza ni utulivu, ya tano ni woga mkubwa kabisa."

Kijana akamwangalia sikio kwa huruma. "Hapana. Ya tano gari linateleza tu, barabara nzuri. Ya kwanza ndiyo injini inalia. Ya kwanza na mzigo, unapanda milima ya Mulenge, mvua imenyesha."

"Basi na igeuke," yule mama akasema, akageuza. "Leo kwenye geti ulikuwa vitesi ya ngapi?"

"Ya kwanza. Mulenge. Na ng'ombe juu."

Kazi ikaanza. Kazi ya kijana ilikuwa kutoka kidogo kidogo. Kwanza kusimama nje ya geti mpaka injini yake ishuke yenyewe, si kukimbia ndani. Akizoea, mpaka kwa jirani wa chaji. Akizoea, mpaka kona. Halafu shule ile ya egzameni, mchana, ikiwa tupu, akakaa kwenye benchi la chumba cha chini, na akakaa kwenye benchi la chumba cha juu, ili vyote viwili viwe vya kwake. Hakuna kumshtukiza. Siku moja akirudi nyuma, hakuna kelele, kesho tunaanzia pale alipobaki. Na kila mara anaulizwa vitesi, anapumua nje polepole kama breki za hewa, fffff, mpaka apate vitesi nyingine.

Na kazi yangu? Nyumbani na kwenye simu, nisiseme neno la saa ao la mahali ambalo si kweli. Hata kwa watu wengine, maana yeye anasikia.

Nikasema hiyo ni kazi ya mtoto. Nimebeba saruji, nitashindwa kubeba ukweli?

Mteja wa kwanza kunipigia alikuwa mjenzi mmoja. "Patro, uko wapi? Tunangoja saruji."

Kijana yuko mlangoni. Nikasema: "Niko chooni."

"Chooni ya wapi?"

"Ya nyumbani. Nikimaliza nitakula. Halafu nitapakia. Nitafika kwako mchana."

Akakata simu. Baadaye nilisikia alimuuliza shofere wangu kama nimepata malaria ya kichwa.

Ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Upande wa wakwe zangu walikuwa na mkutano wa mahari ya binti yao, na shemeji akanipigia: "Shemeji, uko wapi? Wote tumefika, tunakungoja weye tu!"

"Shemeji, niko kitandani, sijavaa hata suruali."

Sikujua simu ile ameiunganisha na za wakwe wengine, kila mmoja anasikiliza. Wakwe wote, wazee kwa wamama, wakasikia habari ya suruali yangu. Wakaanza kunung'unika, heshima imekwisha, mtu akipata kamyo mbili anasahau watu. Ndipo shangazi yao mmoja mzee akasema kwa sauti: "Muache kijana wa watu! Mbona hapa mkutanoni tuko wawili, minye mwenyewe na mwenye nyumba? Hao wengine 'wote' wako wapi?" Kumbe shemeji mwenyewe alikuwa bado nyumbani kwake anapiga pasi.

Lakini sikilizeni biashara. Baada ya wiki chache ile habari ilizunguka. Watu wakaanza kusema, ukitaka kujua saruji itafika lini, pigia yule wa chooni, akisema mchana ni mchana. Nilipata wateja ambao hata sikuwatafuta. Nafikiri ni mimi peke yangu, kuanzia Kalundu mpaka Kavimvira, ninayejulikana niliko. Walijaribu kuniiga wawili watatu, wakashindwa. Inataka kifua.

Na kijana alikuwa anafika kwenye kona.

Ndipo yule mama psikologi, badala ya kunipongeza tukamaliza, akasema: "Papa, sasa hatua ngumu. Dunia haitamwambia ukweli kila siku. Kuna vitu hakuna anayevijua. Utamfundisha kubeba sijui. Kidogo kidogo, kama dozi. Na uanze weye kuisema."

"Minye?" nikasema. "Neno hilo sina."

"Jaribu. Kijana, muulize Papa kitu."

"Papa, mvua itanyesha kesho?"

Nikafungua mdomo. Nikasema: "Kwa kadiri ninavyoona hali ya... kawaida mwezi huu... huko juu milimani mawingu..."

"Papa iko vitesi ya pili," kijana akasema. "Papa anaogopa."

Mama watoto akafunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika. Mimi nilitoka jasho. Ninyi hamkubeba magunia Kalundu, hamjui. Pale mwenye mzigo akiuliza, unaweza kubeba hii? unaijua nyumba ya fulani? ukisema sijui, mzigo umeshapanda mgongo wa mwingine na weye unalala njaa. Neno lile nililitupa ziwani nikiwa mdogo kuliko huyu kijana. Sasa naombwa nizame nikalitafute.

"Si...," nikasema. "Sijui."

Kijana akapumua, fffff. "Ya tatu," akasema. Sikuuliza kama ni yake ao yangu.

Yule mama akatufundisha kwamba sijui haiachwi wazi kama shamba lisilo na uzio. Unasema unachojua, unasema usichojua, unasema utafanya nini. Tukafanya mazoezi kila jioni na sijui ndogo ndogo. Chakula ni nini leo? Sijui, ninachojua ni kwamba tutakula. Nani atakuja kututembelea Jumapili? Sijui. Mama watoto akapenda sana mchezo huo kuliko wote. "Miaka hii yote," akasema, "nangojea neno hili kinywani mwako, kumbe lilikuwa linataka mtu wa Bukavu."

Siku ya kwanza ya egzameni ikafika. Kijana aliamka, hakutapika, akavaa. Nilimwahidi: "Saa sita kamili niko kwenye geti la shule na kamyo, utanisikia kabla ya kuniona." Ila alfajiri nilikuwa na mzigo wa nyanya wa kupakia Runingu, kwa sababu tajiri mmoja alizingoja Kalundu, na boti yake ya Kalemie inaondoka siku ileile. Mama watoto alisema: "Baba, leo achana na Runingu." Nikamwambia, barabara ile naijua kuliko kitanda changu. Ilikuwa kweli. Barabara naijua. Remorke ya bia ndiyo sikuijua.

Tulipotoka Runingu na nyanya zimejaa mpaka juu, kabla ya kufika Kiliba, tukaikuta, trela zima, imelala kwa ubavu katikati ya barabara kama mjomba aliyetoka harusini. Shofere wake mzima, amekaa kando anajipepea. Makreti yametawanyika, na watu wa vijiji vyote wamekuja kutoa pole, kila mmoja anatoa pole yake akiwa na chupa mkononi. Nyuma yetu magari yakajipanga, na mistari yote ya simu ikafunguka:

"Niko Kavimvira, naingia mjini!"

"Nimeshavuka daraja, weka maji ya ugali!"

Na mmoja, amesimama bega kwa bega na mimi, anatafuna muwa: "Niko mlangoni kwako hapa, fungua basi."

Simu yangu ikalia. Namba ya mama watoto, lakini sauti ya kijana. Mama yake alikuwa amemsindikiza shuleni; walikuwa kwenye mapumziko, karatasi ya hesabu bado, na yeye alikuwa ameshapewa habari na watoto wenzake kwamba barabara imefungwa.

"Papa, uko wapi?"

Wale wote wa Kavimvira wakaniangalia. Wa muwa akaninong'oneza: "Sema uko mlangoni, patro, utamtuliza mtoto."

Nikasema kwa sauti, wote wasikie: "Niko Kiliba, upande wa Runingu. Remorke imefunga barabara. Ninachojua, nitakuja. Nisichojua ni saa. Saa sita sitafika."

Nikasikia mama yake anasema, "Pole, mwanangu, pole." Nikajua, akitoka pale sasa, hesabu imekwenda, kesho imekwenda, mekaniki imekwenda.

"Vitesi?" nikamuuliza.

"Ya kwanza."

"Mulenge?"

"Mulenge iko karibu." Fffff. "Utakuja na kamyo?"

"Hapana. Nitaiacha. Nitakuja na pikipiki."

"Kwa hiyo sitakusikia."

"Hautanisikia. Utaniona."

"Pikipiki ya rangi gani?"

Sasa rangi ilikuwa rahisi. Pikipiki zote si nyekundu? Ulimi wangu ulishaanza kusema nyekundu. "Sijui," nikasema.

"Basi ni sijui mbili. Saa na rangi."

"Sijui mbili tu. Nyingine zote tunazijua."

"Mbili naweza," akasema. Na simu ikakatika.

Wa muwa aliacha kutafuna. "Patro," akasema, "weye iko muntu wa ajabu." Nikamjibu kwamba hilo linajulikana.

Shofere wangu akaja mbio: "Na nyanya, patro? Jua hili!" Nikamwambia nyanya ni zake, azungumze nazo. Nikamtafuta mtu wa pikipiki. Aliyekuwepo ni mzee mmoja tu, na nyuma yake tayari alikuwa amefunga mbuzi. Hakukubali kumshusha, mbuzi alikuwa abiria wa kwanza na amelipiwa. Tukapita njia za ndani za mashamba ya miwa, mzee mbele, mimi katikati, mbuzi nyuma ananipumulia kwenye shingo. Tulianguka kwenye mfereji, tukasimama, mbuzi akalalamika, mimi sikulalamika. Shati langu jeupe la tajiri likawa na ramani ya Kiliba nzima.

Nilipofika kwenye geti la shule, saa sita ilikuwa imepita zamani. Watoto wote walikuwa wameondoka. Kijana wangu alisimama palepale tulipopatana, mama yake pembeni; kijana anajiyumbisha taratibu, anasema kwa sauti bila kuona haya: "Papa anakuja. Saa haijulikani. Rangi haijulikani. Papa anakuja." Mama yake akaniambia kwa macho tu: ameandika. Hesabu yote.

Akaizunguka pikipiki. Tanki lilikuwa jekundu, madigadi ya buluu, na mlango wa betri umetolewa kwenye pikipiki nyingine kabisa, wa njano.

"Rangi tatu," akasema. "Ungesema moja, ungesema uongo."

"Ndiyo maana sikusema."

Akaangalia nyuma yangu. "Mbuzi hukusema."

"Mbuzi sikumjua."

Akafikiri. "Basi ilikuwa sijui tatu," akasema. "Na nimeziweza." Halafu akaniangalia. Sikio kwanza, kama kawaida, kisha haraka sana macho, kama mtu anayepima oili na kurudisha kijiti. "Vitesi ya nne, Papa. Na kesho naenda na miguu."

Akaenda na miguu. Leo yuko shule ya ufundi, mwaka wa kwanza wa mekaniki, na silinda ya tatu ya kamyo yangu haikohoi tena. Bado kuna asubuhi za vitesi ya pili. Tunazijua.

Watu wananiuliza dukani, patro, dawa ile ya mtoto ulinunua wapi, na bei gani? Wanafikiri nilimpeleka Ulaya. Ninawaambia: boti ya Kalemie haikungoja, nyanya ziliiva zikapitiliza palepale barabarani, na zilizobaki shofere aliwauzia wamama wa Kavimvira kwa ajili ya supu, jioni, kwa bei ya aibu. Ukijumlisha nyanya, pikipiki, na nusu nauli ya mbuzi ambayo mzee alisema ni yangu kwa sababu nilikalia nafasi yake, neno sijui lilinigharimu dola mia tatu themanini na saba na franga elfu moja na mia tano.